Sakafu Isiyo na Nyuso

Mjukuu wangu Neema,

Nakusalimu kutoka hapa Guildford. Mama yako bado anaenda kazini mtaa wa Wetherill Park, na akirudi ananisalimia kutoka mlangoni, asije akaniambukiza.

Nimeiangalia ile picha ya mozaiki, ya vijiwe vya rangi vilivyopangwa, unayoisoma chuoni huko Perth, ya sakafu ya kanisa la kale la Bizanti. Unauliza kwa nini waumini waling'oa nyuso za watu waliochorwa humo, kisha wakarudisha vijiwe vilevile ovyo ovyo, badala ya kuacha mashimo. Sijui. Ila nilipokuwa msichana kule Uvira, kaka yangu alipofariki, sisi watoto tulisogeleana mkekani wakati wa kula ili mama asione nafasi yake. Mama alipakua, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Mmekaa vizuri." Hakula.

Juzi, tulipomzika babu yako nawe umekwama huko kwa kuwa mipaka ya majimbo imefungwa, viti vya kanisani vilikuwa vimetenganishwa kwa sababu ya korona. Niliinuka nimsogelee mama yako. Mhudumu akaniambia kwa upole, "Mama, baki hapo hapo." Nikabaki. Kila kiti kitupu kilikuwa cha babu yako.

Nyanya yako