Ndoo ya Maganda ya Baba Yako

Nyumba ya geti la bati,
Mtaa uleule uliokukuza.
Jumapili, nguo ziko kwenye kamba.

Mpendwa Kidoti, mwana wa dada yangu,

Hujambo mama? Mume wako hajambo? Na huyo mjukuu wangu, meno yameshatoka au bado anatafuna vidole? Sisi huku tunapumua. Goti langu bado linajua mvua kabla ya redio. Baba yako anakusalimia. Kwenye simu huwa nakwambia ni mzima, na hilo neno ndilo limenikalisha chini leo, maana nilikuwa nalitamka tu, sijamwangalia.

Ngoja nianze na mambo ya mtaani, roho itulie kwanza. Manispaa wametuletea utaratibu wa taka, eti dampo limejaa. Kila nyumba imepewa ndoo mbili, moja ya maganda na mabaki ya chakula, nyingine ya vitu vikavu. Kila Ijumaa Bwana Afya anakuja na mizani anapima. Wanataka taka zipungue. Akasema anahitaji msimamizi anayezijua nyumba zote, na mtaa mzima ukanigeukia mimi. Sikujua nicheke au ninune.

Lakini mwanangu, kazi ilinikaa. Kufunua ndoo za watu kwa ruhusa ya serikali! Fundi cherehani anayejitapa hagusi vitu vitamu, ndoo yake imejaa makaratasi ya keki. Nilikuwa najua nani kapata mgeni, nani kanuniwa na mkewe, yote kwa maganda. Nikajiona hakuna kinachonipita.

Sasa ndoo ya baba yako ikawa inapungua. Wiki hii maganda ya ndizi, wiki ile majani ya chai tu, halafu ikawa haina kitu kabisa, kavu kama imetoka dukani. Mimi nikafurahi. Nikawa namtangaza kila mlango, tazameni shemeji yangu, mwanamume anaishi peke yake na anawashinda nyie wenye wake.

Basi akatangazwa nyumba ya mfano. Bwana Afya akaja na spika, watu wakajaa mlangoni, wakamgongomelea kibao ukutani na kumpa zawadi, ndoo mpya yenye mfuniko, ya kuozeshea maganda. Baba yako kavaa lile koti alilovaa kwenye harusi yako. Nikaona limekuwa kubwa, nikasema moyoni koti limelegea kwa uzee. Koti, Kidoti. Nikalisingizia koti.

Bwana Afya akamwomba awaambie wenzake anafanyaje. Baba yako akasema, "Usipopika, hakibaki kitu." Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na aliyecheka kwa sauti kuliko wote ni mimi mama yako mdogo.

Walipotawanyika nikamwingizia ndoo yake jikoni. Buibui katanda wavu juu ya jiko. Chumvi imeganda jiwe. Unga niliomletea mwenyewe una wadudu wanatembea. Nikasimama na ile ndoo ya maganda mkononi, natafuta mahali pa kuiweka, na mahali pa kuuweka uso wangu sipaoni.

Akaja akasimama mlangoni. Nikamuuliza anakula nini. Akasema chai ya mgahawani, na mkate akikumbuka. Halafu akasema polepole, "Nikiwasha jiko, shemeji, namsubiri dada yako aniambie niongeze maji. Kimya. Basi nazima."

Kidoti, mama yako alipotutoka nilikuahidi nitamwangalia baba yako. Mwanzoni nilikuwa nampelekea sahani kila jioni. Nilipopata cheo cha ndoo nikawa napita mbio, namuuliza dirishani umekula, anajibu nimeshiba, nakwenda zangu kuchungulia maganda ya wengine. Ndoo ya jirani ingekuwa tupu vile ningesema mengi. Ya kwetu niliipigia makofi. Mwanangu, hata kwenye bomba la maji siku hizi nachota kimya, watu wananiuliza kama naumwa jino.

Alinikataza nisikwambie, eti utapata wasiwasi bure. Najua nimemsaliti tena, lakini kunyamaza ndiko kungekuwa kubaya zaidi. Usimgombeze yeye. Nigombeze mimi, nitakaa nisikilize.

Siku hizi anakula kwangu mchana, na jioni mimi naenda kwake tunawasha jiko lake. Mimi ndiye namwambia aongeze maji. Siku ya kwanza aliacha nusu. Jana kakwangua sufuria, akanilalamikia chumvi, nikaingia chumbani nikalia kwa furaha.

Nawe mpigie jioni tukiwa jikoni. Usimuulize hujambo, atasema sijambo. Muulize kapika nini.

Msalimie mume wako, mwambie salamu zake nimezipata. Mbusu mjukuu wangu kwenye fizi hizo. Shangazi yako mwenye duka naye anakusalimia, hajui haya, na kwa mara ya kwanza maishani sijamwambia mtu. Mungu akufunike huko uliko, na sahani yako isikose mtu wa kukaa nayo.

Ijumaa hii Bwana Afya kapima ndoo ya baba yako, imejaa maganda, mizani ikalemewa. Akakunja uso, akaniambia nyumba ya mfano imeharibika, itabidi kibao king'olewe. Nikamshikia ngazi.

Anayekupenda kwa aibu zake zote,
Mama yako mdogo