Bilioni Moja na Kumi na Moja Ukutani

Shoga, leo nimeumbuka!

Ile namba tasa niliyoichagua kwa ajili ya mgeni wa kesho, yule profesa wa hesabu, yaani 1,000,000,011, imeshachorwa kwenye ukuta wa shule. Inaushinda mlango kwa upana.

Mkuu wa shule yupo, wanafunzi wangu wapo, nami najitapa: "Bilioni na ushee, na hakuna cha kuigawanya ila moja na yenyewe!"

Fundi rangi yuko juu ya ngazi, hata hakugeuka. "Mwalimu, ukijumlisha tarakimu zake si unapata tatu? Basi hii inagawanyika kwa tatu."

Kwa tatu, shoga! Moja na moja na moja! Kitu ninachokifundisha kila mwaka!

Mkuu akauliza kama rangi imebaki. Imekwisha. Akanigeukia: "Basi kesho utasimama hapo uizibe hiyo moja ya mwisho."

Eti niizibe!

Nimekimbilia kikokotoo. Nikiiziba, inayobaki inagawanyika kwa kumi na saba.

Lile koti lako pana bado unalo? Kesho livae uje. Peke yangu siwezi kuiziba yote.