Mstari Mwekundu wa Saa Moja na Nusu

Kaisho, 12 Machi 2024

Taata mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima, mvua tu inatuandama. Masikio yako yanaendeleaje? Naandika kwa sababu kwenye simu uliitikia "ndiyo" hata nilipokuuliza umekula nini.

Ukuu wa shule nimeuanza ulivyonifundisha: saa moja na nusu kamili nachora mstari mwekundu kwenye kitabu cha mahudhurio, na mwalimu aliyechelewa anasaini chini yake. Wote wamenyooka isipokuwa Mwalimu Evaresta wa darasa la kwanza. Siku tisa mfululizo yuko chini ya mstari, sketi imeloa. Ijumaa nilimtaja paredini, mbele ya wanafunzi. Jana kaniletea barua ya kuomba uhamisho, na hapa hakuna mwingine anayeweza kuwafundisha wadogo kusoma kama yeye. Nimekosea wapi?

Binti yako,
Kokubanza

Omurushaka, 17 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Masikio ndiyo hayo hayo, ila macho bado yanasoma, na nilikula ndizi kwa maharage.

Umekosea nilipokosea mimi. Nilichora mstari huo miaka ishirini na mbili, walimu wangu wakawahi, nikajisifu. Siku niliyostaafu walikuja wote, wakala, wakaaga. Mpaka leo hajaingia hata mmoja kunijulia hali, na wengine hupita mlangoni kwangu wakienda kupanda basi. Inaniuma. Nilikufundisha kuchora mstari, sikukufundisha kuuliza. Hiyo sketi inaloa wapi? Na kwa kuwa ulimtaja paredini, muombe radhi hapo hapo paredini.

Usikawie.

Taata

Kaisho, 22 Aprili 2024

Taata,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Nisamehe, nimekawia. Barua yako ilinikasirisha. Niliifungia kwenye droo karibu mwezi mzima, nikijiambia kwamba mkuu akiomba radhi mbele ya watoto, hakuna atakayemheshimu tena.

Jumatatu iliyopita kibali cha uhamisho cha Evaresta kikafika. Kesho yake ndipo nikasimama paredini nikamuomba radhi. Walimu wengine walitazama viatu vyao. Baadaye ofisini nikamuuliza kuhusu sketi. Akasema kijito cha bondeni kimejaa, na watoto kumi na mmoja wa darasa lake hawawezi kuvuka, kwa hiyo huwabeba mgongoni, mmoja mmoja.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mwalimu mkuu."

Nilimsihi abaki.

"Naondoka Ijumaa," akasema. "Kesho njoo kijitoni saa kumi na mbili na nusu, nikuonyeshe pa kukanyaga."

Nilienda. Mtoto mmoja, Kemirembe, aliutazama mgongo wangu akarudi nyuma, akamngoja mwalimu wake. Evaresta akamwambia, "Mzoee huyu."

Leo nilikuwa peke yangu. Kemirembe alipanda mgongoni, akalia mpaka ng'ambo.

Binti yako,
Kokubanza