Siku niliyobebwa na wanawake wanne wa Kadutu

Alhamisi, Kadutu. Mvua ilinyesha hadi saa tatu asubuhi, kisha jua likatoka na mabati yote ya mlimani yakaanza kufuka mvuke. Nina furaha. Kwa kuwa furaha hii ilianza na kosa langu, ni haki niandike kosa kwanza.

Barua ile niliiandika mimi.

Majuma mawili yaliyopita kituo cha afya cha mtaa wetu kilibandika tangazo: kinatafuta watu wanne wa kubeba machela ya wajawazito kutoka nyumba za juu hadi barabarani, kwa mkataba na mshahara. Wanawake pekee. Huku kwetu pikipiki haifiki. Njia ni ngazi za udongo, na tangu zamani machela hubebwa na wanaume wa mtaa.

Kiongozi wao, Papa Cirhuza, alikuja kwangu, kama wajavyo wote wenye barua ya kuandikiwa, kwa sababu nilifundisha miaka mingi. Alitaka kushtaki kwa inspekta wa kazi kwamba wanaume wamebaguliwa. Sheria inakataza kubagua. Nikaona jambo limekwisha. Niliandika kurasa mbili, na nakiri kwamba nilizisoma tena kwa raha.

Sikumuuliza mwanamke hata mmoja.

Leo inspekta alikuja kituoni kusikiliza. Nabintu alikuwa ameketi mbele. Ni mjane ambaye kila siku hupandisha magunia ya mihogo kutoka sokoni, kamba ikimkata kipaji cha uso. Alikuwa amechaguliwa pamoja na wenzake watatu. Tangazo lingefutwa, angerudi kwenye magunia. Hakunitazama. Alijua barua ni ya nani.

Papa Cirhuza alisema wanawake hawataziweza ngazi zenye tope. Inspekta akataka kuona kwa macho yake. Alitafutwa mtu wa kulazwa kwenye machela, na wote wakanigeukia mimi.

Nililala, kofia kifuani. Nabintu alishika upande wa kichwa. Tulipanda mpaka kwenye bomba la maji, tukageuka kushuka, na watu walitoka milangoni.

"Papa Mwalimu, mimba iko ya miezi ngapi?" aliuliza muuza ndagala, dagaa wa huku kwetu.

"Bwana yake ni ule wa kravati, iko nyuma," mwingine akamjibu, akimnyooshea kidole inspekta na tai yake.

"Pumua polepole, papa," Nabintu aliniambia bila kucheka. "Tunakaribia."

Machela haikuyumba hata mara moja.

Lakini inspekta alisema nguvu siyo aliyokuja kupima. Sheria, alieleza, inaruhusu kuchagua wanawake peke yao pale ambapo kazi yenyewe inadai hivyo. Je, kazi hii inadai?

Hapo alisimama Maman Zawadi, mke wa Papa Cirhuza mwenyewe.

"Mutoto wetu wa mwisho, mi nilishuka na miguu," alimwambia mumewe. "Uchungu umenishika, ngazi zote zile. Machela ilikuwa kwa mulango. Lakini benye kubeba ni barafiki yako, benye unakunywaka nabo. Kesho yake ningebasalimia namna gani?"

"Uliniambia kutembea iko muzuri kwa mutoto," mumewe alisema.

"Ningekuambia nini ingine?"

Papa Cirhuza alimgeukia inspekta. Kisha aliiomba ile barua, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

Inspekta aliandika kwamba nafasi hizo nne zitabaki za wanawake, kwa sababu ya kazi yenyewe, na kwamba machela ya wagonjwa wengine iko wazi kwa yeyote. Alipoondoka, nilimwona Papa Cirhuza akiwaongoza wale wanne hadi kwenye jiwe la njiani ambalo hutikisika mvua ikinyesha. Alimwonyesha Nabintu mahali pa kukanyaga.

Jumatatu wanaanza. Jioni hii Nabintu alikuja nimsomee mkataba wake. Niliusoma wote, mstari kwa mstari, naye akaniuliza kama mgongo wangu haujaumia. Nilimjibu kwamba sijawahi kusafiri vizuri hivyo.

Kesho mtu mwingine atabisha hodi akitaka barua. Nitampa kiti, na kabla sijachukua kalamu nitamuuliza: mke wako anasemaje?