Ng'ombe wa Nne

Kwako Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na natumaini zitakukuta mgongo umepunguza ukali wake. Mama naye hajambo? Bado anakuficha chumvi? Sisi huku tu wazima wa mwili. Leo tuna miezi mitatu na siku nne tangu harusi, na bado nikisikia viatu vya mume wangu mlangoni moyo unaruka kama wa msichana wa shule. Kuna mwanamume duniani anayemkatia mkewe kucha za miguu, Baba, naye ni wangu! Chumba chetu ni kimoja, kitanda karibu kiguse jiko, lakini mimi nakiona kasri.

Najua unasubiri habari za cheti. Uliahidi kwamba siku cheti cha kusafirisha mifugo kitakapoingia nyumbani kwetu, siku hiyohiyo lori lako litatoka kwako lije kwetu. Mume wangu hakuwa na wimbo mwingine. Kwa wiki sita tulihudhuria mafunzo pamoja, kwenye ukumbi ulio nyuma ya mnada. Mimi nilijiandikisha kwa sababu maandishi humchosha, na pia nilipenda tu kukaa ubavuni mwake. Kila jioni nilimfundisha: bodi ya lori inachukua ng'ombe wangapi bila kubanana, wanyweshwe baada ya saa ngapi, na nani asipakiwe kabisa, yaani kilema, mgonjwa, na mwenye mimba aliyekaribia kuzaa.

Mtihani wa mwisho ulikuwa zizini. Ng'ombe sita. Unaingia peke yako, unamwambia daktari wa mifugo nani asafiri na nani abaki, huku wenzako wakitazama nje ya uzio. Tulikubaliana kwamba nikitangulia mimi, akifika kwa asiyefaa nitajikuna shingo. Ndiyo, Baba, tulipanga kuiba mtihani, na niliona ni siri tamu ya wapenzi.

Asubuhi hiyo madereva walimtania getini, eti bwana harusi, umemleta mke akushikie kamba? Mume wangu akacheka kuliko wao. Akawajibu kwamba huyu amekuja kubeba chakula tu, pembe na mkia hajui kutofautisha. Wakagonga viganja. Nami kweli nilikuwa nimeshika bakuli lake.

Nikaitwa wa kwanza. Ng'ombe wa nne alikuwa mweusi, mnene, mtulivu. Kiwele kimejaa, shina la mkia limelegea pande zote mbili. Nilimjua kabla sijamgusa. Alikuwa kama yule aliyezalia njiani ndani ya lori lako nilipokuwa na miaka tisa, ndama akakanyagwa na wenzake. Nilikuwa nimepanda kumtoa. Ukanifokea nishuke, lori la ng'ombe si la msichana, kiherehere mkubwa wewe. Nikashuka na damu kwenye gauni.

Zamu ya mume wangu ilipofika, alisimama mbele ya yule mweusi, akaniangalia. Akaangalia shingo yangu. Mkono wangu ulikuwa juu ya uzio, ukabaki palepale. Akamwambia daktari huyu apakiwe, ana nguvu huyu.

Yeye ameanguka, mimi nimefaulu. Anasema nilibahatisha, na kwamba huenda sikumwona akiniangalia. Nimemwacha aamini hivyo. Lakini wewe nakwambia: nilimwona. Nilitaka aanguke. Kwa muda wa pumzi moja nililitaka hilo kuliko nilivyowahi kumtaka yeye.

Cheti kiko ukutani juu ya kitanda. Mume wangu hulala ameupa ukuta mgongo. Kucha zangu zimerefuka.

Uliahidi lori kwa cheti, Baba, hukusema cha nani. Jumamosi nakuja kulichukua. Nimemwomba tufuatane, naye amekubali, ila amesema wakati wa kurudi atapanda nyuma kwenye bodi, anishikie kamba. Nilisubiri acheke. Hakucheka.

Nisalimie Mama na wote wa hapo nyumbani, na habari ya shingo ibaki kwako. Utakapotoa funguo, tafadhali mkono usielekee kwake kwa mazoea. Nitakuwa nimesimama hapohapo.

Ni mimi mwanao,
Kiherehere