Leo ni Siku ya Wajane

Jumatatu, 16 Juni 2025

Siku ya Mtoto wa Afrika. Nimesoma habari za wanafunzi wa Soweto mwaka 1976, taratibu, maana saa hiyo watoto wanavaa sare na wanasikiliza. Halafu kipande cha Je, Unajua: pweza ana mioyo mitatu. Mzee mmoja wa Bunda akapiga simu kusema yeye anao mmoja tu na unamsumbua. Tulicheka studio nzima.

Mjini Musoma wananijua kwa sauti kabla ya sura. Sokoni nikiuliza bei ya nyanya, mtu anageuka: wewe si Dada Dorkas wa Leo ni Siku Gani? Napenda. Nisijidanganye, napenda sana.

Baada ya kipindi bosi, Lukas, kapitia siku zinazokuja. Ijumaa wakimbizi. Jumatatu ijayo wajane. Ya wajane tufungue simu, kasema, watu waongee wenyewe. Nikasema sawa. Moyoni nikamuwaza Nyamburi.

Sijaandika habari za Nyamburi tangu matanga. Naandika basi, labda nitapata nafuu. Nyamburi ni wifi yangu, mke wa marehemu kaka Clementi, aliyekufa kwa figo mwezi wa kumi na mbili. Amebaki Kiabakari, wilaya ya Butiama, na mabinti zake wawili. Kaka mkubwa, Mugeta, yule mwenye duka Kabasa, alitaka kumrithi kama mila inavyosema. Nyamburi alikataa. Alikataa kwa heshima, mbele ya wazee, amepiga magoti. Tangu hapo Mugeta anasema aliyekataa mila hana haki ya mji, yaani boma la mumewe, arudi kwao. Ng'ombe wake walichukuliwa mwezi wa tatu. Nilikuwepo. Walipopita mbele yangu niliweka simu sikioni nikajifanya naongea na mtu.

Ijumaa, 20 Juni

Siku ya Wakimbizi Duniani. Nimesema mkimbizi ni mtu aliyelazimika kuacha kwake. Nimelisema vizuri, likaingia sikioni mwa watu.

Mchana Mugeta kapiga. Ati kile kipande cha mbele cha shamba la Clementi, kinachogusa lami, sasa ni changu. "Wewe ni damu," kasema. "Jenga fremu zako za maduka, upangishe, uache kupigapiga kelele redioni." Katania tu. Nikamwambia asante kaka.

Nimeshinda nikiwaza rangi ya milango. Bluu. Kumbe pale mbele ndipo Nyamburi amepanda mihogo. Nililikumbuka hilo jioni, na hata hivyo nikaendelea kuwaza bluu.

Jumapili, 22 Juni

Kanisani. Sikumbuki mahubiri. Nimeandaa ya kesho: siku hii ilianza lini, nani aliianzisha, haki za mjane. Nimeandika "mjane asidhulumiwe" nikafuta. Nikaandika tena.

Jumatatu, 23 Juni

Siku ya Wajane Duniani.

Nilifungua vizuri. Nilisema Umoja wa Mataifa uliipitisha siku hii, na kwamba mjane si mzigo wa ukoo, ni mwenye nyumba. Hayo maneno hayakuwa kwenye karatasi. Yalitoka yenyewe na yalikuwa matamu mdomoni. Lukas alikuwa upande wa pili wa kioo anaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Simu zikaanza. Mama mmoja kutoka Nyakato, mwingine kutoka Bweri. Mwanamume mmoja alitaka kusema wajane nao wana makosa yao, nikamtoa kistaarabu. Kisha ikaingia nyingine.

"Habari za asubuhi, dada mtangazaji. Sitaji jina. Napiga kutoka huku Butiama."

Nilimjua kabla hajamaliza kusalimia. Nyamburi anaongea kama mtu anayebeba maji, hataki yamwagike.

"Mume wangu alifariki. Ndugu zake wanasema nitoke kwenye mji. Ng'ombe walishachukua. Mimi sisemi ni watu wabaya. Walinizikia mume vizuri."

Nikasema, "Pole sana, mama." Mama. Nimemwita wifi tangu alipoolewa.

"Nina swali. Hiyo siku ya leo, ikishapita, kesho sisi tunakuwa akina nani?"

Lukas aliinua dole gumba. Mimi nilikuwa natazama kipaza sauti. Nilijibu kitu, sijui nini, sheria ipo, msaada upo.

"Asante. Halafu kuna mtu kwenye huo ukoo. Wifi yangu. Huyo akisemaga neno watu wanasikiliza. Nimemngoja aseme. Bado namngoja. Nikafikiri labda leo —"

Nilishusha kitufe, simu ikakatika. Mkono wangu, kidole changu. Nikasema mtandao umetusumbua, mama yetu wa Butiama, jaribu tena baadaye, na nikaachia wimbo. Uliokuwa kwenye foleni ulikuwa wa harusi.

Hakupiga tena.

Wimbo ulipoisha nilisoma Je, Unajua kama kawaida. Twiga ana mifupa saba shingoni, idadi ile ile ya binadamu. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linanitisha kuliko kitufe.

Jumanne, 24 Juni

Sikumpigia. Nilitafuta jina lake kwenye simu, nikaliangalia mpaka mwanga ukazimika.

Jumatano, 25 Juni

Marcelina amekuja. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu hapa Makoko, anauza dagaa, mumewe alizama ziwani miaka mingi iliyopita. Kaniletea furu, samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa, wamefungwa kwenye gazeti. Nikauliza wa nini.

"Umetusemea," kasema. "Mimi tangu nimefiwa sijawahi kusikia mtu anasema mjane ni mwenye nyumba. Nilikaa chini nikalia, shangazi yangu naye akalia."

Nilitaka kuwakataa wale samaki. Nikawapokea, nikasema karibu tena. Kabla ya kuondoka kauliza: yule mama wa Butiama, simu ilipokatika, mlimpata?

Nikasema hapana, bado.

"Mumtafute," kasema. "Alikuwa hajamaliza."

Furu wapo jikoni. Nimeshindwa kuwala, na kuwatupa siwezi.

Alhamisi, 26 Juni

Siku ya Kupiga Vita Dawa za Kulevya. Nimesoma bila kuinua macho.

Mugeta kapiga mchana. Kumbe siku ile dukani kwake redio ilikuwa wazi, wateja wamejaa. Kamtambua shemeji yake. "Nilitoka jasho," kasema. "Nikajua leo tunaumbuliwa mkoa mzima. Halafu ukamkata. Una akili, Dorkas. Damu ni damu."

Sijawahi kusifiwa na Mugeta. Tangu utoto nilikuwa naitafuta sifa yake, matokeo ya darasa la saba nilimpelekea yeye kabla ya baba. Leo kanisifu.

Kikao cha ukoo ni Jumamosi ya tarehe tano, kule kule Kiabakari. Wazee wamekubali. Nisikose.

Nilikwenda chooni ofisini, nikafungua bomba ili wasisikie nikilia.

Jumatatu, 30 Juni

Siku ya Vimondo. Mwaka 1908, tarehe kama ya leo, jiwe kutoka angani lilipasuka juu ya misitu ya Siberia, miti ikalala eneo kubwa ajabu. Meseji zilimiminika. Watu wanapenda mambo ya kutoka mbali.

Lukas kanisimamisha kwenye korido. Anataka tumfuate yule mama wa Butiama na kinasa sauti, tumfanyie kipindi kizima. Namba yake si ilibaki kwenye mashine? Nikasema haikuonekana. Kaniangalia.

"Mbona za wengine zilionekana?"

"Sijui. Labda alificha."

"Dorkas, unaumwa?"

Nikasema malaria kidogo. Sasa nina uongo wa mtandao, uongo wa namba na uongo wa malaria. Kanipa ruhusa nipumzike mchana. Nimelala nikiwa nimevaa viatu.

Alhamisi, 3 Julai

Nimeandaa na kurekodi ya Jumamosi mapema kwa sababu sitakuwepo. Siku ya Kimataifa ya Vyama vya Ushirika. Nimeongelea pamba, msimu, umoja ni nguvu. Nimerudia mara nyingi. Kila nikifika "umoja" nakohoa.

Jumamosi, 5 Julai

Kiabakari. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kitanda cha binti mkubwa wa Nyamburi. Wazee wametoka nje wanajadiliana. Sijui nina muda gani.

Nilifika mapema kuliko wote. Nilitumaini Nyamburi atanikasirikia. Alinipokea mkoba, akasema, "Wifi, umepungua. Hawakulishi huko Musoma?" Akaniletea maji ya kunawa, chai, viazi vitamu. Sikuona uso wowote mwingine nyuma ya uso wake. Redio yao ilikuwa juu ya kabati, mimi mwenyewe naongea ndani yake, nimerekodiwa, umoja ni nguvu. Mtoto mdogo akasema shangazi upo huku na upo huku. Nyamburi akaizima, taratibu, kama anayefunga mlango mtoto asiamke.

Hakutaja simu ile.

Nilianza mimi. "Wifi, siku ile mtandao —"

"Acha," akasema. "Kunywa chai inapoa."

Saa nne wakaja. Mugeta na wazee, magari mawili. Walikaa sebuleni, sisi tukaendelea na kupika huku nyuma. Niliitwa. Mugeta alikuwa amevaa koti. Akaeleza kwa ufupi: mji unarudi kwa ukoo, Nyamburi atasaidiwa kusafirisha vyombo, mabinti watasoma wakiwa kwake Kabasa. Mabinti pia! Hilo sikuwa nimelijua. Dada yetu, yaani mimi, atapata kipande cha barabarani. Wazee wakaitikia kwa vichwa.

Halafu akasema, "Sasa huyu mama akiambiwa na sisi wanaume italeta maneno. Dorkas anajua kuongea. Mwanamke kwa mwanamke. Aende amwambie."

Wakanigeukia wote. Mzee mmoja akatabasamu, akasema ananisikilizaga kila asubuhi, nina maneno laini.

Nilikwenda. Ndiyo, nilikwenda, niandike hivyo hivyo. Nilinyanyuka nikapita mlango nikaenda jikoni kumwambia.

Nyamburi alikuwa anamenya ndizi. Mikono imejaa utomvu. Hakunyanyua kichwa. "Sema, wifi," akasema. "Nakusikiliza."

Nilifungua mdomo. Mimi ambaye sijawahi kukosa neno hewani. Nikasimama pale kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Yeye akaendelea kumenya. Baadaye akasema, bila ukali, "Kama huwezi kulisema, labda si lako."

Nikarudi sebuleni. Nikasema sijamwambia. Nikasema kiwanja sikitaki. Nikasema hapa ni kwa Nyamburi, Clementi alijenga naye, matofali walifyatua pamoja, na mabinti ni wa mama yao. Na kwamba siku ile redioni mtandao haukukatika. Nilimkata mimi.

Ningependa kuandika kwamba nilisema kwa nguvu. Nilisema nikiangalia zulia. Sauti ilikuwa ndogo, ilikuwa inaishia kifuani, maneno mengine sina hakika kama yalitoka.

Mugeta akaniangalia kama mteja aliyempa noti bandia. Kisha akawaambia wazee watoke wapate hewa. Nikaingia huku chumbani kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Jikoni siwezi. Nitamwambia nini? Kwamba nimesema leo, baada ya miezi yote, baada ya ng'ombe, baada ya kumkata watu wakisikia? Asiponishukuru atakuwa na haki. Akinishukuru itakuwa mbaya zaidi.

Dirishani nawaona. Mugeta anaongea kwa mikono. Yule mzee wa maneno laini amesimama pembeni ya kaburi la Clementi, ameegemea fimbo. Mwingine anamuuliza mwenzake kitu, naye anaweka kiganja nyuma ya sikio.

Mugeta amesogea dirishani. Anasema wazee hawakunisikia vizuri. Wengine wamesikia nimekubali, wengine wamesikia nimekataa. Anasema nitoke niseme tena, mbele ya wote, na majirani wawili wameshasimama pale uani. Amelisema kwa upole. Anajua ninavyotamani sifa yake. "Fikiri vizuri, dada," kasema. "Bado unaweza kuwa umeteleza ulimi."

Sauti ya kisu jikoni imekoma. Nyamburi amekuja mpaka mlangoni mwa chumba, mikono bado ina utomvu, ameishika mbali na gauni. Amesogea pembeni kunipa nafasi ya kupita.

Naweka kalamu chini, nasimama. Wanaita tena.