Mwanao Anafagia Msitu

Mama yangu wa Mtoni,

Shikamoo. Goti limekubali ile dawa, au bado unalibembeleza? Mie mzima, ila baridi ya huku milima ya Usambara inaingia mpaka kwenye mswaki.

Uliuliza hii ni kazi gani ya kupima udongo. Mama, udongo wa msituni unapumua. Mizizi na vijidudu vya chini vinatoa hewa ukaa, ileile itokayo puani mwetu, inayozidisha joto duniani. Tumechimbia vipande vya bomba ardhini. Mie nafunika kimoja kimoja kwa kifuniko chenye mashine, inasoma hewa iliyotoka. Ajira yenyewe ilikuwa ya majaribio: ukiharibu, unarudi Mtoni kuuza vocha.

Basi juzijuzi bosi wetu, Dokta Rehema, kaniita.

"Kaka, mabomba yako yanapumua kama mgonjwa. Ya mwenzako Shabani yako sawa. Unayafanyaje?"

"Nayatunza, dokta. Kila asubuhi nafagia kwanza."

"Unafagia nini?"

"Majani. Wageni wakija wakute uchafu?"

Umenilea uwanja haulali na jani, mama, ningefanyaje? Kumbe majani yanayooza ndiyo chakula cha vile vijidudu. Ukiyaondoa, hewa inapungua. Mwenzangu Shabani alicheka mpaka akakaa chini. "Watu wa Dar bwana! Na nyani umewapangia zamu ya kudeki?" Dokta hakucheka. Moyoni nikaanza kukunja nguo.

Kesho yake asubuhi kaja na kamba, kagawa eneo. "Huku endelea kufagia. Kule usiguse hata jani. Tukilinganisha, tutajua majani peke yake yanatoa hewa kiasi gani. Nilipanga kuanza hili mwakani, wewe umeshanianzia."

Jana nimesaini mkataba wa kudumu! Kufagia msitu kumeandikwa humohumo, kwa wino, kama kazi ya heshima. Na kwa kuwa eneo ni kubwa, Shabani kapangiwa kunisaidia. Sasa hacheki, anainama tu.

Nisalimie mdogo wangu Zuhura, na shangazi wa Manzese aliyenishonea sweta. Mjomba Hamisi, aliyesema sitaufikia mwezi wa Ramadhani huku, mpe salamu mbili, ya pili polepole.

Ombi moja: huku minazi hakuna, tunafagilia vijiti. Nitumie fagio za chelewa. Mbili, mama. Wa Shabani uwe mkubwa.

Ni mie, kazi ya mikono yako,
Idrisa